Sura ya Tano: Mbona Ni Staa na Bado Anachangiwa?

Kuna swali ambalo Dar es Salaam halizeeki. Utalisikia saluni Sinza, kwenye kijiwe cha kahawa Temeke, na ndani ya daladala ya Mbagala foleni inapogoma kusogea. Mtu anafungua simu yake, anakuta picha ya mwigizaji anayemfahamu miaka nenda rudi, safari hii amelala kitandani, na chini ya picha kuna namba ya kuchangia. Anamwonesha jirani yake, kisha anauliza: "Huyu si staa? Hela zake zote zimekwenda wapi?"

Anayeuliza hana ubaya. Amemwona mwigizaji huyo akishuka kwenye gari la bei mbaya na kuingia kwenye jumba lenye bustani, huku akifokea wafanyakazi wa ndani. Hajaambiwa kwamba gari liliazimwa kwa ajili ya kushuti, jumba lilikodiwa kwa siku mbili, na gauni lilirudishwa dukani jioni ile ile. Filamu ilimwonesha tajiri, naye akaamini. Hiyo ndiyo kazi ya filamu.

Sura hii inajibu swali hilo kwa kufuata maisha ya mwanamke mmoja, Wastara Juma, mwigizaji wa Bongo Movie, yaani filamu zetu za Kitanzania. Nimemchagua kwa sababu kazi, familia na imani vimekutana katika maisha yake kwa uzito usio wa kawaida, na kwa sababu mengi yaliyompata yalitokea mbele ya macho yetu sote. Tulilia naye. Tulichanga. Lakini hatukukaa chini tukajiuliza kwa nini ilibidi tuchange.

Kutoka runinga hadi Kariakoo

Kabla ya Bongo Movie kulikuwa na michezo ya kuigiza ya runinga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, familia nzima ilikuwa inakusanyika kwa jirani mwenye televisheni kuangalia makundi kama Kaole Sanaa Group yakicheza ITV. Waliokuwa hawana televisheni walisimama dirishani.

Kisha ikaja filamu ya *Girlfriend* mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, na watu wakaona kwamba hadithi yetu inaweza kuuzwa kwenye kasha kama za Nigeria na India. Ndani ya miaka michache soko la Kariakoo likajaa kava zenye sura za Watanzania. Steven Kanumba, mwigizaji kijana aliyetoka Shinyanga, akawa jina linalotajwa mpaka nje ya mipaka. Filamu zilivuka kwenda Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo, zikibebwa na Kiswahili.

Ndani ya wimbi hilo walikuwamo Wastara na Juma Kilowoko, aliyejulikana na wote kwa jina la Sajuki. Walikuwa wanacheza pamoja na kutengeneza filamu zao wenyewe. Mwaka 2009 ajali ya barabarani ikampotezea Wastara mguu mmoja.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mwigizaji huuza sura, sauti na mwendo. Msichana mwenye umri wa kupigania nafasi za mbele kwenye filamu anaamka hospitalini akiwa na mguu mmoja. Wangapi tungemshauri arudi nyumbani, atafute genge la nyanya? Yeye alijifunza kutembea kwa mguu wa bandia na akarudi mbele ya kamera. Sajuki hakumkimbia. Walioana, na kwa mashabiki wengi ndoa yao ikawa hadithi iliyozidi filamu walizocheza.

Kuuza kuku, kukosa mayai

Sasa turudi kwenye swali la daladala. Ili ujue hela zilikwenda wapi, unahitaji kuyaelewa maneno matatu.

La kwanza ni *masta*. Hii ni nakala mama ya filamu, ambayo nakala nyingine zote huzaliwa kutoka kwake. Zama za CD na DVD, mtayarishaji akishamaliza filamu aliipeleka masta kwa msambazaji, mara nyingi Kariakoo. Msambazaji ndiye aliyekuwa na mtaji wa kuchapa nakala na kava, na ndiye aliyekuwa na njia za kuifikisha filamu Mwanza, Songea na Kigoma. Mara nyingi aliinunua masta kwa malipo ya mara moja.

La pili ni *mrabaha*. Haya ni malipo madogo yanayomrudia mwenye kazi kila kazi yake inapouzwa au kuoneshwa tena.

La tatu ni *hakimiliki*. Hii ni haki ya kisheria ya kusema "kazi hii ni yangu, asiguse mtu bila ruhusa yangu."

Chukua mfano wa mama anayefuga kuku Mbagala. Akiuza mayai, kila asubuhi ana hela ya mkononi, na kuku bado yupo bandani. Akimuuza kuku, anapata hela nyingi kwa mkupuo, lakini hawezi kurudi mwezi ujao kumwambia mnunuzi, "Naomba mayai yangu." Kuuza masta ni kuuza kuku. Mrabaha ni mayai. Wengi wa watengeneza filamu wetu waliuza kuku, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa leo na kijana wa kamera alikuwa amekaa mlangoni akisubiri ujira wake.

Mwigizaji wa kawaida alikuwa chini zaidi ya hapo. Hata huyo kuku hakuwa wake. Alilipwa kwa kushuti filamu ile, basi. Filamu ikioneshwa miaka kumi, yeye ameshalipwa. Akiwa mzima anaitwa, akiugua anaitwa mwingine. Hana likizo ya ugonjwa wala pensheni, na mara nyingi hakuwa hata na karatasi ya mkataba. Makubaliano yalifanywa kwa mdomo, kwa kuaminiana.

Juu ya hayo kulikuwa na wizi wa kazi. Filamu iliyotoka Jumatatu ilikuwa kwenye memori kadi za watu ifikapo Jumatano. Kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya mabati yenye televisheni na mabenchi ambako mtu hulipa kiingilio kidogo kuangalia mpira au filamu, mwenye banda alikusanya viingilio na mwigizaji hakupata hata senti. Sheria haikukosekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, nayo ndiyo iliyoweka COSOTA, chama cha kusimamia haki hizo. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi ili nakala halali itambulike. Lakini stempu ni ya kubandikwa kwenye kasha, na mwizi wa memori kadi hana kasha.

*Kwa ufupi:*

- Umaarufu hupimwa kwa watu wangapi wanakujua. Kipato hupimwa kwa wangapi wamekulipa.
- Aliyeuza masta ameuza na kesho yake.
- Mwigizaji anayelipwa kwa filamu moja moja ni kibarua, hata kama sura yake iko kwenye kila ukuta.

Mwaka ambao misiba iliongozana

Tarehe 7 Aprili 2012 Kanumba alifariki dunia nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28. Siku tatu baadaye maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders Club, Kinondoni, wengine wakazimia kwa joto na majonzi, kabla ya kumzika makaburi ya Kinondoni. Novemba mwaka huo huo Sharo Milionea, mchekeshaji kijana, akafa kwa ajali ya gari Muheza, Tanga.

Katikati ya misiba hiyo, nyumbani kwa Wastara kulikuwa na mgonjwa. Sajuki alikuwa amekonda hadi mashabiki walishindwa kumtambua. Watu walichanga, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi na matumaini. Desemba 2012, mwili ukiwa bado dhaifu, alipanda jukwaani Arusha na kuanguka mbele ya umati.

Jaribu kujiweka kwenye nafasi ya mke. Mguu wako mmoja ni wa bandia. Nyumbani kuna mtoto mdogo. Mume uliyekuwa unafanya naye kazi ndiye unayemwogesha na kumgeuza kitandani, maana yake ni kwamba vipato viwili vya nyumba vimekatika kwa mpigo, cha mgonjwa na cha anayemuuguza. Hili la pili tunalisahau sana. Mwanamke anayeuguza hahesabiwi kuwa amepoteza kazi, lakini kila siku anayokaa wodini ni siku ambayo hakushuti.

Tarehe 2 Januari 2013 Sajuki alifariki Hospitali ya Taifa Muhimbili. Siku mbili baadaye alizikwa makaburi ya Kisutu, na Rais Jakaya Kikwete alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Kuanzia Aprili hadi Januari, miezi tisa tu, tasnia ilikuwa imezika vijana hawa watatu.

Miezi minne na siku kumi

Katika Uislamu, dini ya Wastara, mjane hukaa eda kwa miezi minne na siku kumi. Katika kipindi hicho hutulia nyumbani, huacha mapambo, na haolewi tena mpaka muda uishe. Kwa aliyefiwa mwanzoni mwa Januari, hesabu hiyo inafika Mei.

Wapo wanaoiona eda kama kifungo. Mimi naiona kama moja ya nafasi chache ambazo jamii yetu humpa mwanamke ya kuhuzunika bila kuharakishwa. Jirani anapita na sufuria ya uji. Shangazi anahamia na mkeka wake. Wazee wa msikiti wanauliza hali. Hakuna anayekuambia, "Jikaze, maisha yanaendelea."

Lakini eda imewekwa juu ya dhana moja, kwamba nyumba ya mjane ina watu wa kuitunza. Mwigizaji ambaye chakula chake kinatoka kwenye uso wake, na uso huo hauruhusiwi kupambwa wala kutoka, anahitaji zaidi ya uji wa jirani. Dar es Salaam mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, wakati mwingine ya mwaka mzima. Hapo ndipo imani na kipato vinapokutana, na hapo ndipo tunapaswa kuuliza vizuri: imani humsaidia nini mtu aliyepigwa mara mbili?

Kazi ya imani, na mipaka yake

Kwa mwanamke aliyepatwa na mambo kama ya Wastara, naona imani ina kazi tatu.

Kwanza, humpa jina la kuliita jambo lisilo na maelezo. Kwa nini mguu? Kwa nini mume? Hakuna hesabu inayojibu. Anayesema "ni kudra ya Mwenyezi Mungu" hajajibu swali, ila amepata mahali pa kuliweka ili mikono yake ibaki huru kumnawisha mtoto.

Pili, humpa ratiba. Adhana haijali kama umelala au hukulala. Mtu aliyevunjika moyo anahitaji sababu ya kuamka, na swala ya alfajiri ni sababu inayorudi kila siku.

Tatu, humpa watu. Mkristo ana jumuiya yake ndogo ndogo, Mwislamu ana msikiti wake na kundi la akina mama wa maulidi. Na kwenye misiba ya wasanii wetu nimeona jambo ambalo nchi hii haipaswi kulipoteza: rozari na tasbihi kwenye benchi moja, chini ya turubai moja.

Lakini imani haijawahi kuwa badala ya mpango. Waislamu wanaijua habari ya yule mtu aliyeambiwa na Mtume amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Ngamia wa mwigizaji ni mkataba na bima. Tumewafundisha wasanii wetu subira na tukasahau kuwapa kamba.

Mchango hufika baada ya maumivu

Mwanzoni mwa mwaka 2018, miaka mitano baada ya kumzika mumewe, Wastara mwenyewe alihitaji kwenda India kutibiwa. Namba ya kuchangia ikazunguka tena kwenye simu zetu. Wananchi walichanga, na Rais John Magufuli naye akamchangia.

Mwaka huo huo Amri Athumani, yule Mzee Majuto aliyetuchekesha kwa miongo mingi, naye alipelekwa India. Sura yake ilikuwa imeuza bidhaa nyingi kwenye matangazo, na ugonjwa wake ukaibua swali la mikataba aliyokuwa amesaini. Waziri aliyesimamia sanaa, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia. Mzee Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018.

Sitaki kuudharau mchango. Watu wa Temeke na Kinondoni wanachangia harusi, wanachangia msiba, wanachangia ada ya mtoto wa jirani, na wengi wao wenyewe hawana. Huo ni utajiri wetu. Lakini mchango una udhaifu wa aina tatu:

1. Huchelewa. Huanza mgonjwa akiwa ameshazidiwa, kwa sababu picha ya kitandani ndiyo inayotugusa.
2. Huchagua. Mwenye jina huchangiwa. Kijana wa taa aliyeanguka kwenye ngazi wakati wa kushuti hachangiwi na mtu.
3. Hudai. Aliyechangiwa husemwa akionekana amevaa vizuri. Kila shilingi tuliyotoa tunadhani tumenunua nayo haki ya kumsimamia.

Hilo la tatu huwaumiza wanawake zaidi. Mwigizaji wa kike akichangiwa, maisha yake yote yanakuwa mali ya umma: anatoka na nani, anaolewa lini, mbona ameanza kucheka mapema. Mwanamume mjane hupewa pole. Mwanamke mjane huwekewa saa.

Yaliyobadilika

Tasnia ya leo si ile ya DVD. Chaneli kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu zimeleta tamthilia ndefu, na tamthilia ndefu maana yake ni kazi ya miezi, si ya siku nne. Filamu ya *Binti* ya Seko Shamte, iliyotoka mwaka 2021, ilifungua mlango wa Netflix kwa Tanzania. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo kwa wasanii. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo ikitekelezwa kwa ukamilifu itamgusa mwigizaji kama itakavyomgusa mama ntilie wa Tandika.

Hizo ni hatua za kweli. Lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja, kuingia ukiwa na karatasi sahihi mkononi ni jingine. Chaneli inaweza kumlipa mwigizaji vizuri kwa msimu mmoja na bado ikabaki na haki zote za kazi yake milele, kama alisaini bila kusoma.

Kwa anayeanza, na kwa anayeangalia

Binti uliye Yombo au Tandale unayefanya mazoezi mbele ya kioo, yashike haya:

- Usianze kushuti bila mkataba ulioandikwa, hata kama mtayarishaji ni mjomba wako. Mjomba mwema hatakataa kuandika.
- Uliza swali moja kabla ya kusaini: kazi hii ikioneshwa tena mwakani, mimi napata nini?
- Lipia bima ya afya kabla ya kulipia nywele za uzinduzi.
- Kuwa na kazi ya pili isiyotegemea uso wako. Ushonaji, uandishi wa skripti, uhariri wa picha, chochote ambacho utaweza kukifanya ukiwa umekaa.
- Jiunge na chama cha waigizaji, kisha uhudhurie vikao. Chama kisicho na watu ni muhuri tu.

Na wewe mtazamaji, ambaye ndiye mwajiri halisi wa watu hawa, una mambo mawili tu. Lipia kazi unayoipenda, hata kama memori kadi iko bure kwa rafiki yako. Na ukimchangia mgonjwa, mchangie kisha umwache huru.

Jibu

Hela za staa zimekwenda wapi? Nyingi hazikuwahi kumfikia. Zilibaki kwa aliyenunua masta, kwa mwenye kibanda, kwa muuza memori kadi, na nyingine zilibaki mfukoni mwangu na mwako kila tulipoangalia bure.

Wastara alipoteza mguu akarudi kazini. Alimuuguza mume mpaka mwisho, akamzika, akarudi kazini. Aliugua, tukachanga, akarudi kazini. Mwanamke aliyerudi kazini mara tatu hakuwa mvivu wala mfujaji. Alikuwa mfanyakazi asiye na mkataba unaomlinda, katika nchi inayompenda kwa dhati na inayomlipa kwa kuchelewa.

Basi ndugu msomaji, leo jioni ukiwa unaangalia tamthilia yako, mtazame yule anayekuliza. Mlipe akiwa bado amesimama.